Anko Anajibu: Utapiga Deki Kabla Hujamtupa Mtu

Tangu toleo lililopita tulipogusia aikido, ile sanaa ya Kijapani ya kutupana na kukunja viungo, meseji hazijakatika, na karibu zote zinauliza kitu kimoja, kwenda Japan kukaa dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, kama uchideshi. Kwa aliyepitwa, uchideshi ni mwanafunzi anayelala humohumo dojo, anakula humo, anafanya kazi za humo na anafanya mazoezi humo, tofauti na wale wanaokuja jioni na gi zao, yaani sare za mazoezi, begani wakimaliza wanarudi kwao. Nimechagua barua chache, zingine nimezifupisha, na mlioniandikia matusi kwa sababu nilisema karate ina kelele, nimewasoma.

SWALI: Shikamoo anko. Mimi nina miaka 24 niko Mwanza, nimecheza judo tangu sekondari halafu mwaka juzi nikahamia aikido, tuna kikundi kidogo tunajifua kwenye ukumbi wa shule. Nataka kwenda Japan kuwa uchideshi mwaka mzima. Naomba uniambie ukweli, siku inaanzaje inaishaje, na je ntakuwa nafundishwa na masensei wakubwa muda wote? – Kijana wa Nyegezi

JIBU: Marahaba kijana wangu. Ukweli ndio huu, utapiga deki. Utapiga deki kabla ya mazoezi na baada ya mazoezi na siku ambayo hakuna mazoezi utapiga deki zaidi, manake siku hiyo ndio kuna nafasi ya kufikia kule nyuma ya kabati.

Ntakueleza ya dojo za mashambani mkoa wa Ibaraki, kaskazini mashariki ya Tokyo, ndizo ninazozijua vizuri. Saa kumi na moja na kitu alfajiri umeshakunja kile kigodoro chako umekisukuma kabatini, unashika fagio. Mmoja anafagia majani uani, mwingine tatami, yaani mikeka ya mazoezi, mwingine choo, na ile sakafu ya mbao unaifuta kwa kitambaa kilichokamuliwa mpaka kinalia, umeinama mikono yote miwili chini makalio juu unakimbia kutoka ukuta mpaka ukuta. Usicheke, baada ya wiki mapaja yako yatakuwa yamebadilika na hakuna sensei aliyekugusa bado.

Halafu darasa la asubuhi. Kwa mtindo wa Iwama, mji wa humohumo Ibaraki, asubuhi ni silaha, bokken yaani upanga wa mbao, na jo yaani fimbo, na mara nyingi mko nje. Huu mfumo aliupanga Morihiro Saito, mwanafunzi wa mwanzilishi wa aikido, na ukitaka kujiandaa ukiwa Mwanza anza nao: suburi 20 za jo, suburi 7 za upanga, halafu kata ya jo, yaani mfululizo wa mapigo uliopangwa, yenye hatua 31 na ile ya 13. Suburi ni kupiga pigo moja hewani peke yako tena na tena. Januari unapiga huku nyasi zimeganda barafu na vidole huvisikii, Agosti unapiga huku jasho linaingia machoni na nyenze wanapiga kelele kwenye miti kiasi kwamba sensei akisema kitu unaangalia mdomo wake.

Baada ya hapo chai, ambayo sio chai ni wali na supu ya miso na samaki kidogo, mmepika kwa zamu. Mchana ni kazi: kukata majani, bustani, kufua gi, kumsaidia sensei kubeba hiki na kile, na ukibahatika unalala nusu saa. Jioni saa moja watu wa mji wanakuja, fundi umeme, mwalimu wa shule ya msingi, mzee mstaafu ambaye amekamata mikono ya watu tangu kabla hujazaliwa, na hao ndio watakaokufundisha zaidi ya unavyodhani. Yule mzee utamshika kifundo cha mkono kwa nguvu zako zote za judo na utajikuta unaangalia dari. Darasa linaanza na tai no henko, yaani kugeuza mwili ukiwa umeshikwa mkono, kila siku, hata waliokaa miaka 30 wanaanza na hiyohiyo. Mkimaliza mnafagia tena. Kuoga kuna foleni yake, sensei na wageni kwanza, mdogo kabisa mwisho, na unajisugua na kujisuuza NJE ya lile beseni kubwa ndo unaingia, maji yale ni ya wote.

Sasa masensei wakubwa. Hapa wengi wanakosea. Makao makuu ya Aikikai, shirika kubwa la aikido, yaani Hombu Dojo, yako Shinjuku Tokyo na mtu yeyote anaweza kujiandikisha akalipa kwa mwezi akafanya mazoezi, darasa la kwanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kwa miaka mingi limekuwa la Doshu mwenyewe, yaani mkuu wa Aikikai, Moriteru Ueshiba, mjukuu wa mwanzilishi. Lakini chumba unajitafutia na kodi ya Tokyo unaijua mwenyewe. Kulala pale Hombu ni kwa vijana wanaoandaliwa kuwa walimu, sio kwa mimi na wewe. Kwa hiyo wageni wengi wanaotaka kulala ndani wanaishia kwenye dojo ndogo za mikoani, na mimi naona ndiko kuzuri zaidi, ila ujue sensei ni mmoja, ana mgongo unaomuuma, ana familia, na kuna siku atakufundisha dakika tatu tu na siku hiyo uwe macho.

Na ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Mwanzilishi, Morihei Ueshiba, alifungua dojo ya Kobukan pale Tokyo mwaka 1931 na vijana wake wa ndani waliumia mpaka ikaitwa dojo ya jehanamu. Mwaka 1942 akahamia Iwama akaanza kulima, na waliomfuata huko walishika jembe kabla ya fimbo. Saito mwenyewe alifika pale mwaka 1946 akiwa na miaka 18, baadae akawa mfanyakazi wa reli, anaingia kazini masaa 24 anapumzika 24, na zile za kupumzika anazipeleka shambani na kwenye mazoezi kwa mzee. Alimtunza mzee mpaka alipofariki 1969, akabaki kutunza ile dojo mpaka yeye mwenyewe alipofariki 2002. Ukipima, ujuzi wake wote ulipita kwenye kazi za nyumbani. Umewahi kuona dogo aliyepelekwa gereji kwa fundi, miezi ya mwanzo anaosha spana tu na kutumwa vocha, lakini masikio yake yako kwenye injini? Ni hivyo. Anayekwenda kununua mafunzo anarudi amekasirika, anayekwenda kuishi kwenye nyumba ya mtu kama mdogo wa mwisho anarudi na kitu.

Ushauri wangu, baki Mwanza kwanza mpaka ukemi zako, yaani kuanguka, ziwe salama kwa kasi yoyote, judo imekusaidia hapo lakini kuanguka kwa aikido ni tofauti kidogo, mnatupwa kwa kukunjwa viungo na ukichelewa kufuata kiwiko kinabaki. Halafu mwalimu wako akuandikie barua ya utambulisho. Bila mtu wa kukutambulisha dojo nyingi hazitakujibu, na sio ubaguzi, hata Mjapani mwenzao anatambulishwa. Na usiende mwaka mzima mara ya kwanza. Nenda miezi miwili mitatu, rudi, kama bado unataka andika tena.

SWALI: Salaam kaka. Binti yangu ana miaka 21, tuko Likoni, ameshikilia anataka kwenda kukaa huko Japan dojo, ati nauli amejiwekea mwenyewe. Mimi sina shida na mchezo, shida yangu ni mtoto wa kike kulala kwenye nyumba ya mazoezi na wanaume asiowajua. Na hizo karatasi za viza zinapatikanaje? – Mama Likoni

JIBU: Wa aleikum salaam dada yangu. Swali lako la kwanza ndilo swali zuri kuliko yote yaliyoingia na nakuomba usilegeze.

Wanawake wanakaa uchideshi na wamekaa siku nyingi. Pat Hendricks, Mmarekani, alikwenda Iwama miaka ya 1970 akiwa msichana, akawa mmoja wa walimu wakubwa wa ule mtindo. Lakini kila dojo ina hali yake, ziko zenye chumba cha wanawake chenye mlango wake na choo chake, na ziko ambazo wote mnatandika kwenye tatami zilezile za mazoezi pazia moja katikati. Aandike aulize waziwazi: analala wapi, mlango unafungwa kwa ndani, kuna mwanamke mwingine kwa miezi hiyo, mke wa sensei anakaa hapohapo? Halafu aombe kuongea na mwanamke aliyewahi kukaa pale, sio kwa imeli, wapigiane. Sensei mwenye nyumba safi hachukii maswali haya. Anayechukia amekuokolea nauli.

Viza. Mkenya anahitaji viza kuingia Japan na Mtanzania vilevile. Kwa siku zisizozidi 90 anaomba ya matembezi mafupi ubalozini Nairobi, na barua ya mwaliko ya dojo inasaidia. Zaidi ya hapo kuna viza ya shughuli za utamaduni, ambayo ndio hasa ya watu wanaokwenda kujifunza sanaa za Kijapani bila mshahara, aikido iko humo. Hii inaanzia Japan sio Nairobi: mwenyeji wake, yaani dojo, anaomba uhamiaji wa kule cheti cha kustahili ukaazi, inaweza kuchukua mwezi mmoja mpaka mitatu, kikitoka anatumiwa na ndo anakipeleka ubalozini. Kina muda wake, miezi mitatu, asikiweke kabatini. Akifika anapewa kadi ya ukaazi na ndani ya siku 14 tangu apate makazi aende ofisi ya mji kujiandikisha, na hapohapo anaingizwa bima ya afya ya taifa, ailipe, asijifanye hajaelewa barua.

Kitu kikubwa ambacho vijana hawataki kusikia, viza hii sio ya kufanya kazi. Anatakiwa aonyeshe pesa ya kujikimu, yake au ya mdhamini. Kufanya kibarua bila kibali cha uhamiaji ni kosa linalomrudisha nyumbani. Kwa hiyo nauli peke yake haitoshi dada, kuna ada ya mwezi ya dojo, malazi, mchango wa chakula, bima, nguo za baridi, na tiketi ya kurudi ambayo mimi ningeshika mwenyewe kama mzazi.

Na akitokea ajenti, popote pale, Mombasa au Dar au mtandaoni, anasema ana dojo inayochukua wanafunzi na kazi ya kiwandani ndani yake na mlipe kwanza, mfukuzeni. Dojo za kweli zinajibu barua zenyewe, tena taratibu mno, na hazina ajenti.

SWALI: Anko ukweli, aikido inapiga? Mtaani kwetu Temeke utaikumbuka hiyo kotegaeshi ya kukunja kifundo cha mkono? – Mzee wa Kazi

JIBU: Ukitaka kupigana nenda kwenye ngumi, ziko hapohapo Temeke na zina walimu wazuri. Aikido ya Iwama au ya Hombu haina mashindano, hamshindani, mnapokezana kutupa na kutupwa, kwa hiyo hujui chochote kuhusu mtu anayekataa kuanguka mpaka umkute. Kuna Yoshinkan, mtindo wa Gozo Shioda aliyekuwa mwanafunzi wa mwanzilishi tangu enzi za ile jehanamu, huo ni mkavu zaidi na polisi wa kutuliza ghasia wa Tokyo wanapelekwa huko kwenye kozi ya karibu mwaka mzima, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wageni nao walifunguliwa kozi hiyo. Magoti yanachunika mpaka suruali nyeupe inakuwa na madoa. Lakini hata hao polisi mtaani wana ngao na virungu mzee.

SWALI: Assalam aleikum. Niko Unguja, nilianza na judo kisha nikapenda aikido kwa sababu haina mashindano. Nina nafasi ya kwenda dojo moja Japan lakini nimeona video wanainama mbele ya picha ya mzee, wengine wanapiga makofi kama wanasali. Mimi ni Muislamu. Nifanyeje, na chakula je, na swala? – Mwana wa Ng'ambo

JIBU: Wa aleikum salaam. Wapo watakaokwambia ile ni adabu tu haina dini ndani yake. Nusu kweli. Kuinamiana mimi na wewe kabla ya kushikana ni salamu, Wajapani wanainama mpaka kwenye simu. Picha ya mwanzilishi ukutani, wengi wanaichukulia kama heshima kwa marehemu. Lakini huyu mzee alikuwa mtu wa dini sana, alikwenda Ayabe kwa Onisaburo Deguchi wa dini ya Omoto akaishi huko miaka kadhaa, na pale Iwama alijenga hekalu la Kishinto, Aiki Jinja, liko karibu kabisa na dojo na kila mwezi wa nne kuna sherehe yake. Makofi yale yanatoka huko. Uchideshi wa pale anafagia uwanja wa hekalu kama anavyofagia uwanja mwingine. Kwa hiyo usidanganywe na usidanganye, amua mstari wako uko wapi ukiwa bado Unguja, muulize shekhe wako unayemwamini, mimi sio mtu wa kukupa fatwa.

Ukishaamua, mwandikie sensei kabla ya kukata tiketi. Sentensi mbili zinatosha: mimi Muislamu, siinami kwa kusujudu mbele ya picha wala sipigi makofi, nitakaa kimya kwa heshima, je inakubalika? Nimeona masensei wanaojibu hamna shida, kaa tu umetulia, na mmoja alijibu kwamba kwake haiwezekani, na huyo nae nilimheshimu, amekuwa mkweli. Kitu kibaya ni kufika, kukaa wiki mbili unainama huku moyo unakataa, halafu siku moja unagoma mbele ya watu, hapo umemwaibisha yeye na umejiumiza wewe.

Swala inahitaji hesabu. Ibaraki mwezi wa sita jua linachomoza kabla ya saa kumi na nusu, kwa hiyo alfajiri inaingia saa nane na kitu usiku, wewe umelala saa tano umechoka kama gunia, na magharibi inaingia saa moja jioni palepale darasa linapoanza. Mwezi wa 12 mambo yanalegea, alfajiri inakukuta unaamka kufagia na magharibi inaingia kwenye saa kumi na nusu jioni. Omba mapema dakika chache za kutoka pembeni, usiombe siku yenyewe umeshavaa hakama, ile suruali pana ya mazoezi.

Chakula, samaki wapo kila siku, mayai, tofu, wali. Tatizo limejificha kwenye mchuzi: mirin ni pombe ya mchele wanayotia kwenye kupika karibu kila kitu kitamu, sake ya kupikia nayo, na tambi zao nyingi supu yake ni nguruwe. Zamu yako ya kupika ikifika wapikie pilau ya samaki, utaona wanavyokuja kukuuliza zamu yako nyingine lini. Tsukuba, mkoa huohuo, kuna msikiti kwa sababu ya wanafunzi wa chuo kikuu, siku ya mapumziko unaweza kufika na ukapata nyama. Ramadhani omba kuwa upande wa mazoezi mepesi mchana, au chagua miezi mingine kabisa kama ni mara ya kwanza.

SWALI: Niaje anko, mimi ni wa Nakuru lakini sasa niko huku Japan dojo flani siwezi taja, nimebakisha miezi kadhaa. Nimechoka. Kazi ni kuosha tu na kuna senpai mmoja ananitupa vibaya makusudi, juzi bega limeuma siwezi inua. Sensei nikimwangalia anaangalia kando. Nikiondoka nitaonekana mnyonge. – Nimechoka

JIBU: Ndugu yangu, kwanza bega. Kesho asubuhi, sio wiki ijayo, nenda hospitali na kadi yako ya bima, na usipande tatami mpaka uambiwe. Kama hujui lugha chukua mwanafunzi mmoja wa jioni unayemwamini, wale watu wa mji wanaogopa kuingilia lakini ukiwaomba kwa kinywa chako hawakatai.

Pili, tenganisha vitu viwili ambavyo uchovu umekuchanganyia. Kuosha ndio kazi uliyoikubali, na kuamrishwa na mtu mdogo kwa umri ila ametangulia kufika ndio utaratibu wao, senpai ni aliyetangulia hata kwa siku moja, hilo linakera lakini halikuumizi. Kutupwa baada ya kupiga mkono chini kuonyesha umekubali, kukunjwa kiungo kwa hasira, kupewa zaidi ukiwa umeshaumia, hayo sio mafunzo na mtu asikwambie ndio utamaduni wa huko. Wajapani wenyewe walishalikataa hadharani: mwaka 2013 ilifichuka kwamba wanawake 15 wa judo ngazi ya timu ya taifa wamelalamika kupigwa na kutukanwa na kocha wao mkuu, ikawa kashfa ya nchi nzima na kocha akajiuzulu. Kama mabingwa wa taifa walisema, wewe wa kuosha vyombo utashindwaje.

Omba nafasi ya kuongea na sensei peke yenu, sio mbele ya darasa, ongea taratibu, usimtukane senpai, sema hivi: bega limeumia, daktari amesema hivi, naomba nisifanye mazoezi na fulani. Halafu nyamaza usubiri. Kwa watu wa kule kuangalia kando wakati mwingine ni kuona aibu na sio kukubali, lakini wakati mwingine ni kukubali, na jibu lake litakuonyesha ni lipi. Akikwambia vumilia na habadilishi kitu, funga mzigo.

Kuondoka nako kuna namna. Usitoroke usiku, wengi wanafanya hivyo na mlango unafungwa kwa Mwafrika anayefuata, sio haki lakini ndivyo inavyokuwa. Mwambie siku unayoondoka, safisha chumba chako kuliko ulivyokikuta, lipa deni, piga magoti ushukuru kwa yale mazuri, nenda. Na kabla ya hapo pita ofisi ya uhamiaji uulize, kwa sababu kama viza yako ilitoka kwa jina la ile dojo huwezi tu kuhamia kwa rafiki Osaka ukaendelea kama kawaida. Unyonge hauko hapo kabisa. Niandikie tena ukitoka hospitali, namba yangu unayo.

SWALI: Nikikaa miezi sita narudi na mkanda mweusi? – Haraka, Kahama

JIBU: Kyu ni ngazi za kabla ya mkanda mweusi, zinahesabiwa kushuka mpaka ya kwanza, na dan ya kwanza ndio mkanda mweusi wenyewe. Aikikai wanahesabu siku za mazoezi kwa uchache: 30 kwa kyu ya tano, 40 ya nne, 50 ya tatu, 50 ya pili, 60 ya kwanza, halafu 70 ndo unaruhusiwa kujaribu dan ya kwanza. Jumlisha mwenyewe, 300. Na ni siku, sio madarasa, kwa hiyo ukifanya asubuhi na jioni imehesabika moja. Miezi sita ina siku 180 hivi na humo utaumwa mafua. Kama unakwenda tayari una kyu ya kwanza ya nyumbani hilo lingine, na bado sensei anaweza kukwambia subiri.

SWALI: Habari anko, mie dada wa Arusha, goti la kushoto niliwahi kuumia kwenye mpira wa pete, daktari alisema nyuzi zilivutika zikapona. Nimeshapata dojo, naenda mwezi wa tatu. Je ntaweza? Na nibebe nini? – Goti

JIBU: Hongera kwa kupata dojo. Goti lako naliogopa kidogo, ntakuwa mkweli. Kwenye aikido kuna suwariwaza, mbinu za kupiga magoti, mnatembea kwa magoti kama mnavyotembea kwa miguu, na baada ya hapo mnakaa seiza, yaani makalio juu ya visigino, wakati sensei anaeleza, na kuna masensei wanaopenda kueleza. Wazee wengi waliobobea magoti yao yamekwisha na hawafichi. Kwa hiyo kabla ya mwezi wa tatu muone mtaalamu wa viungo, sio wa kukukanda, wa kukupima na kukupa mazoezi ya kuimarisha paja. Sensei umwambie kwa barua sasa hivi, na useme goti ni la kushoto. Ukifika usione haya kukaa miguu imekunjwa mbele, unainama kidogo unasema hiza ga itai, goti linauma, inatosha, hakuna atakayekuuliza mara ya pili. Kinachowakera ni yule aliyeficha siku kumi halafu akaanguka katikati ya darasa.

Ukienda mwezi wa tatu Ibaraki bado kuna baridi, Arusha yako ya mwezi wa saba zidisha, na dojo haina hita, usiku unalala na soksi. Beba gi mbili manake moja itakuwa kwenye kamba haikauki, hasa mwezi wa sita mvua zao zikianza. Silaha usibebe, kule zipo na ni nafuu kuliko mzigo wa ndege. Beba plasta nyingi za vidole vya miguu, tatami inachuna ngozi kati ya vidole wiki ya kwanza. Krimu ya nywele na mafuta ya ngozi unayoyatumia beba ya miezi yote, mji mdogo hutayapata. Zawadi kwa sensei, kahawa ya Kilimanjaro, tena hiyo wanaijua vizuri, inauzwa hata kwenye mashine za barabarani. Na viatu, kama mguu wako ni mkubwa nunua huku kabisa, kule wanapima kwa sentimita na vya kike vikishavuka 25 utakuwa unachagua upande wa wanaume.